Tanga hadi Mombasa kwa Basi, na Swali la Darasani

Haya nimeyapanga upya nikiwa nyumbani, kutoka kwenye daftari dogo na picha za simu ambazo nusu yake ni za chakula. Nafundisha Uraia sekondari hapa Tanga. Kabla ya likizo ya Juni tulikuwa kwenye mada ya jinsia, na mwanafunzi mmoja akauliza: kama nchi ina Rais mwanamke tangu Machi 2021, somo hili la usawa si limekwisha? Darasa likacheka. Nikamjibu kwa hesabu ya viti vya ubunge, kama vitabu vinavyopenda, na yeye akaniangalia kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Safari ya Mombasa kwa mamdogo ilikuwa imeshapangwa, basi njiani kila niliyekaa naye nikawa namchokoza kwa jambo hilo.

Jumatano: Kange, Horohoro, Lungalunga, Likoni

Nauli kutoka stendi ya Kange ilikuwa shilingi 20,000. Basi lilitokea Dar likiwa limeshachelewa, kisha likakaa Kange zaidi ya saa nzima kwa sababu bibi mmoja alikuwa na magunia ya machungwa ya Muheza na utingo alitaka yalipiwe kama abiria. Bibi akasema machungwa hayakai kitini. Wakaishia elfu tatu na machungwa sita ya kumlainisha dereva.

Jirani yangu alikuwa mama wa Kidigo, mzaliwa wa Mkinga aliyeolewa Ukunda, anarudi kutoka mazikoni. Nilipomwambia nafundisha Uraia akageuka mwili mzima. "Basi nisaidie mwalimu, maana huo uraia wenu umetugawa sisi ndugu wa tumbo moja."

Kisa chake ni hiki. Yeye alimfuata mume Kenya. Mdogo wake aliolewa na kijana wa Msambweni, lakini kijana ndiye aliyehamia Tanga, ana karakana ya pikipiki. Mama huyu leo ni Mkenya kwa ndoa. Shemeji yake, baada ya miaka yote hiyo na watoto wanne, bado anahangaikia kibali cha ukaazi. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 inampa mke mgeni wa Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ajili ya ndoa yake. Mume mgeni wa Mtanzania hana njia hiyo. Apange foleni ya tajinisi, yaani uraia wa kuomba kwa masharti ya kawaida, kama mgeni yeyote. Kenya nako mambo yalikuwa hivyohivyo mpaka Katiba ya 2010, ambayo sasa inasema mwenzi wa raia, awe mke au mume, akitimiza miaka saba ya ndoa anaweza kuomba kuandikishwa.

"Mume wangu kanipa nchi," akasema. "Mdogo wangu yuko kwao alikozaliwa, hana cha kumpa mumewe."

Nikamwambia kuna nchi ambako ni kubaya zaidi. Lebanon, mwanamke aliyeolewa na mgeni hawezi kuwapa uraia hata watoto aliowazaa. Akanyamaza kidogo, kisha akanikumbusha kuwa Wadigo wa zamani walirithi kwa ujombani, mali ya mtu inakwenda kwa watoto wa dada yake. "Nyanya zetu minazi ilipita kwa matumbo yao. Sisi twashindwa kupitisha karatasi."

Mpaka wenyewe, wala haukuwa na shida. Dirisha la kutoka na la kuingia yapo jengo moja siku hizi. Niliulizwa kadi ya njano, nikaitoa. Kwa watakaofuata: raia wa Afrika Mashariki hahitaji viza, ila asiende na kitambulisho cha mkononi tu akategemea huruma, chukua pasipoti au hati ya dharura. Vijana wenye mabunda ya noti nje ya geti wanabadilisha haraka, na ukihesabu mbele yao wanakuheshimu zaidi. Siku ile shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu 20 za kwetu.

Kutoka Lungalunga ni minazi, mikorosho na matuta ya barabarani. Tukiwa bado kaunti ya Kwale, kijana wa kiti cha nyuma, ambaye alikuwa akisikiliza mazungumzo yetu bila kujificha, akasema huku kwao hilo swali limejibiwa: gavana ni Fatuma Achani, tangu 2022, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa gavana Pwani. Mwaka ule Kenya ilichagua magavana wanawake saba kati ya 47. 2017 walikuwa watatu. Mama wa Kidigo akamuuliza yeye nyumbani kwake nani anachota maji. Kijana akarudisha spika zake masikioni.

Likoni foleni ya magari ya kuingia feri ilikuwa ndefu mpaka dereva akazima injini. Nikashuka na begi, nikavuka na watembea kwa miguu, bure. (Mabasi mengine sasa yanapita Dongo Kundu na kukwepa feri kabisa, ulizia unapokata tiketi.) Ng'ambo ndipo nilipogundua tuktuk haina chenji ya noti yangu ya elfu moja na laini yangu ya Tanzania hailipi pale. Mwanamke mwenye beseni la samaki, tusiyejuana, akamlipia dereva 150 kwa simu yake, na nilipotaka kumfuata kesho yake nimrudishie akaniambia, "Mgeni halipi tuktuk siku ya kwanza," akaondoka na beseni lake.

Alhamisi: Kibokoni

Mamdogo anakaa Mji wa Kale, Kibokoni. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mahamri shilingi 10 moja, na usijidanganye kuwa utakula mawili. Fort Jesus ni mwendo wa dakika chache; wana-Afrika Mashariki wana bei yao, nafuu sana kuliko ya watalii, mradi uonyeshe kitambulisho. Nilizunguka, nikapiga picha mizinga, nikarudi kusikiliza hadithi nzuri zaidi.

Mamdogo alifanya kazi za ndani Jeddah hadi 2016. Bosi wake alikuwa daktari mwanamke, mjane, mwenye mshahara mnono na wagonjwa wanaomsubiri. Hakuruhusiwa kuendesha gari, kwa hiyo palikuwa na dereva. Hakuruhusiwa kusafiri nje bila idhini ya mlezi wa kiume, na baada ya mumewe kufa mlezi akawa mwanawe, kijana ambaye mamdogo alikuwa akimfulia soksi. Daktari akitaka kwenda mkutanoni Dubai anamwomba ruhusa mtoto aliyemzaa.

"Na pasipoti yangu mimi," mamdogo akasema, "ilikuwa kabati la nani? La kijana huyohuyo. Madamu analia chumbani kwake, mimi nalia jikoni, mwenye ufunguo mmoja."

Mambo yamebadilika huko, na si kidogo. Tarehe 24 Juni 2018 wanawake wa Saudia walianza kuendesha magari kihalali. Agosti 2019 sheria ikawaruhusu wenye miaka 21 na zaidi kuchukua pasipoti na kusafiri bila idhini ya mlezi. Daktari amemtumia mamdogo video akiwa nyuma ya usukani, anacheka, miwani mikubwa ya jua. Mamdogo anaitazama mara kwa mara na anaifurahia kwelikweli. Lakini Machi 2021, serikali ya huko ilipolegeza masharti ili mfanyakazi mgeni aweze kuhama mwajiri na kuondoka nchini bila kumwomba kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, wafanyakazi wa ndani waliachwa nje ya mabadiliko hayo. Hao ndio akina mamdogo, na ndio mabinti wanaoondoka Pwani kila mwezi kwenda Ghuba. Kwa hiyo swali "wanawake wa Saudia wana uhuru?" mimi sasa nitauliza kwanza ni wanawake gani ndani ya nyumba ile.

Alasiri akaja jirani, bibi wa umri wa kushika ukuta anapotembea, aliyecheza lelemama enzi za vyama vya ngoma vikishindana mtaa kwa mtaa. Yeye ndiye aliyenipa nilichokuwa sikijui kabisa. Miaka ya 1950, ukoloni ukianza kugawa haki ya kura vipandevipande, wanawake wa Kiarabu wa Mombasa waliachwa nje huku wanaume wao wakipiga. Wanawake wakaandika ombi kwa serikali, wakakusanya sahihi, wakapata kura. Wake za watu wenye buibui, wa majumba haya haya yenye milango ya kuchonga.

Nikamwambia Uswisi wanawake walipata kura ya taifa 1971, na jimbo moja, Appenzell Innerrhoden, liligoma katika mambo yake ya ndani hadi mahakama ya shirikisho ilipolilazimisha mwaka 1990. Bibi akauliza Uswisi si ndiko kunakotengenezwa saa. Nikasema ndiko.

"Na saa zao zote wakachelewa?"

Ijumaa: Biashara Street

Hapa ndipo pa kununua leso, au kanga kama tusemavyo ng'ambo ya Horohoro. Nenda asubuhi kabla ya sala, maana baadaye maduka mengi hufungwa kwa muda na wewe utabaki na jua. Bei ya kwanza si bei.

Mchana mkahawani viti vilijaa nikakalishwa meza moja na mwanamke mfanyabiashara wa Kigali, aliyekuja kufuatilia kontena lake bandarini. Mizigo mingi ya Rwanda inapita Mombasa au Dar, naye anazijua bandari zote mbili kwa kero zake, ambazo alizieleza kwa Kiswahili fasaha. Biriani ya kuku 450, na pilipili ya ukwaju ambayo peke yake ingestahili nauli.

Nchi yake ndiyo ile ninayoiandika ubaoni kila mwaka. Katiba ya 2003 iliweka kiwango cha chini cha asilimia 30 ya wanawake katika vyombo vya maamuzi. 2008 bunge lake likawa la kwanza duniani kuwa na wanawake wengi kuliko wanaume. Baada ya uchaguzi wa 2024 wakawa karibu asilimia 64 ya wabunge wa baraza la chini. Nikamsomea takwimu hizo kama mwanafunzi anayetaka sifa.

Akamaliza mfupa aliokuwa nao. Akasema kwake yeye mwaka mkubwa ni 1999, sheria ya mirathi ilipowapa mabinti haki sawa na kaka zao. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 nchi ilijaa wajane na mayatima wa kike waliokuwa wakilima mashamba wasiyoweza kudai kisheria, na hali hiyo isingeweza kuendelea. Mtaji wake wa kwanza alikopa benki kwa dhamana ya kipande cha ardhi aliyoachiwa na baba. Bila kile kipande asingekuwa anakula biriani na mimi.

"Na nyumbani?" nikauliza.

"Nyumbani nikirudi saa nne usiku kutoka mpakani, wananiuliza chakula kiko wapi. Wabunge sitini na nne kwa mia hawajafika jikoni kwangu."

Kenya, kwa upande wake, iliandika katika Katiba ya 2010 kuwa jinsia moja isizidi theluthi mbili katika chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa. Bunge likashindwa kutunga sheria ya kulitekeleza hilo, mara baada ya mara, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Mwenye mkahawa, aliyekuwa akipanga sahani karibu yetu, alisema hilo ndilo analolipenda Kenya: katiba nzuri kuliko zote, ukiisoma kama hadithi.

Jumamosi

Mvua kutwa. Nilifua, nikakausha ndani, nikala kaimati.

Jumapili: Mama Ngina

Jioni ya Jumapili watu wa Mombasa wako Mama Ngina, ufukweni, wanatazama meli zikiingia mlangoni mwa bandari. Mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili 50, dafu 60. Shika mkoba wako mbele.

Pale palikuwa na Mswidi kijana, mrefu, amejifunga mtoto mchanga kifuani kwa kitambaa, hana mwanamke upande. Umati mdogo ulimzunguka. Mwenye mihogo alimtazama kwa huruma nyingi, akaniomba mimi nimuulize kwa Kiingereza kama mke wake amefariki.

Hajafariki. Yuko Stockholm, kazini. Baba yuko likizo ya uzazi na amemleta mtoto kumwona rafiki anayeishi Nyali. Nilipotafsiri, mwenye mihogo akadhani nimekosea, nikaulizwa tena. Wanaume wawili wa kahawa wakasogea. Ilibidi nieleze kama darasani: Sweden ilianza 1974, ya kwanza duniani kuwapa baba na mama wote wawili likizo ya malipo. Leo ni siku 480 kwa mtoto mmoja, na 90 kati ya hizo ni za kila mzazi peke yake, hawezi kumpa mwenzake.

Hilo la mwisho ndilo Mswidi alilolitilia mkazo. Miaka ya mwanzo wanaume karibu wote waliwaachia wake zao siku zote, hakuna aliyewakataza kuzichukua, walikuwa tu hawazitaki. Mwaka 1995 serikali ikatenga mwezi mmoja: baba asipouchukua, unapotea. Ghafla wakaanza kuuchukua. Mwezi wa pili ukaongezwa 2002, wa tatu 2016. Baba yake yeye, alisema, hakuchukua hata siku moja.

Mzee mmoja wa kahawa akauliza Kenya ni ngapi. Wiki mbili, kwa Sheria ya Ajira ya 2007; mama ana miezi mitatu. Na Tanzania? Nikasema siku tatu. Wakacheka sana, nami sikuwa na la kujibu. Wa pili akasema hata siku tatu ni nyingi, utafanya nini nyumbani, utakuwa unamkanyaga kanyaga mkunga. Mwenye mihogo, ambaye ana watoto sita na ambaye siku zote hizo alikuwa amesimama kwenye karai lile lile, akamwambia: "Ungekwenda sokoni." Kisha akamchagulia Mswidi muhogo laini usio na nyuzi, na hakutaka pesa.

Jumatatu: wakili, na binti wa mabuti

Siku ya karatasi. Mtoto wa binamu yangu, wa darasa la nne, alikuwa anakuja nami Tanga kumalizia likizo, na mtoto asiyevuka na mzazi anataka barua ya idhini. Baba yake ni baharia, wakati huo yuko Durban. Katiba ya Kenya, kifungu cha 53, inawapa mama na baba wajibu sawa juu ya mtoto, wameoana au hawakuoana, na wakili akashauri saini ziwe mbili ili tusiulizwe sana. Ya baba ilikuja kwa barua pepe kutoka melini, ikachapishwa, ikagongwa mhuri. Gharama 1,000 za Kenya. Tuliingia asubuhi, mchana tukatoka.

Tukingoja, mezani palikuwa na binti wa miaka ishirini na kitu aliyekuja kuapishwa karatasi zake za kwenda baharini. Mafunzo amemaliza, anatafuta meli ya kumpa miezi ya mazoezi. Duniani, kwa hesabu ya mwaka 2021, wanawake walikuwa asilimia 1.28 tu ya mabaharia wenye vyeti. Yeye aliijua namba hiyo kwa desimali zake. Nikategemea aanze kulalamikia wanaume. Akazungumzia mabuti. Wakati wa mafunzo mabuti ya usalama yalianzia saizi 41, naye anavaa 37, kwa hiyo alivaa soksi tatu kwenye joto la Mombasa na kuambiwa anatembea kwa kuringa. Na kampuni moja, hakuitaja, ilimjibu kuwa meli zao hazina chumba cha pili chenye choo chake, arudi kuwasiliana siku za mbele.

Nimeandika kwenye daftari: 41, 37. Nadhani ndiyo mifano nitakayoanza nayo muhula ujao, kabla ya Rwanda na kabla ya Rais.

Jumanne: kurudi

Basi la Tanga liliondoka saa tatu asubuhi kwa tiketi, saa tano kwa uhalisia. Safari hii tulipita Dongo Kundu. Daraja refu juu ya mikoko, hakuna foleni, ila huoni feri, jambo ambalo mtoto alililalamikia hadi Ukunda.

Mpakani afisa, mama mtu mzima, aliisoma barua yote mpaka nukta ya mwisho. Akamuuliza mtoto mimi ni nani wake. "Mamkubwa wangu." Baba yuko wapi? "Melini." Mama je? "Kazini." Akaandika, akatugongea. Wenye watoto chukueni barua yenye saini mbili, nakala za vitambulisho vya wazazi na cheti cha kuzaliwa, na wekeni juu ya begi, si chini ya mahamri.

Tulifika Kange magharibi. Nauli ya mtoto huwa nusu ikiwa atapakatwa. Huyu aliambiwa hivyo tangu Mombasa, akamtazama utingo, akasema yeye hapakatwi na mtu, nikalipa kamili.